Adabu ya Kuitika

Miaka kadhaa iliyopita niliweka salamu kwenye seva ya ofisi niliyokuwa naihudumia. Ulikuwa mstari mmoja tu ndani ya .bashrc, faili ambalo sheli ya bash hulisoma inapoamka, ili kila anayeingia akaribishwe kwa Kiswahili. Mchana watu waliifurahia. Usiku programu ya rsync ilikuja kunakili mafaili kwenda mashine ya akiba, nayo ikapokewa kwa salamu ile ile. Rsync haina habari na salamu. Inatarajia baiti zilizopangwa kwa utaratibu wake. Ikakata mazungumzo na kuacha ujumbe unaouliza kama sheli yangu ni safi. Asubuhi tulikuta nakala ya usiku ule haipo.

Swali lile la usafi lilinifungulia ufundi ninaouheshimu mpaka leo: skripti itambue imeitwaje kabla haijatamka neno.

Wahenga walisema, usikatae wito, kataa neno. Programu haiwezi kukataa wito. Mfumo ukiiita, huamka. Hiari yake iko kwenye neno: iseme nini, kwa nani, au inyamaze.

Dalili ya kwanza ni jina. Mwanamke mmoja huitwa mwalimu shuleni, Mama Asha mtaani, na shangazi kwa watoto wa kaka yake. Kila jina humwita kwa namna yake, naye ni yule yule. Katika Unix kila programu huamshwa pamoja na jina iliyoitwa kwalo, na ndani ya skripti jina hilo hukaa kwenye $0. BusyBox, iliyoanzishwa na Bruce Perens katikati ya miaka ya 1990 ili kisakinishi cha mfumo wa Debian kienee kwenye disketi, imesimama juu ya jambo hili: programu ni moja, lakini ikiitwa ls huorodhesha mafaili, ikiitwa cp hunakili. Hata mtu anapoingia kwa nywila, sheli yake huitwa kwa kistari mbele ya jina: -bash. Kwa alama hiyo ndogo sheli hujua kwamba kikao kipya kimefunguliwa, ikasome .bash_profile.

Ila jina ni ushahidi wa kupokea kwa uangalifu, kwa kuwa anayeita ndiye anayelichagua. Tena skripti ikisomwa ndani ya skripti nyingine, $0 hutaja ile iliyoibeba. Fundi hujifunza kuuliza swali linaloihusu kazi yake. Mara nyingi anachohitaji kujua ni hiki: yupo mtu anayesoma? Herufi i ikiwemo ndani ya $-, mahali sheli inapoweka alama za hali yake, sheli inazungumza na mtu. Kipimo cha -t husema kama mkondo umeunganishwa na terminali. Amri ya ls huuliza hivyo kila tunapoitumia: ikiwa inaandika kwenye terminali, hupanga majina kwa safu, ikiwa inaipelekea programu nyingine, huandika jina moja kila mstari.

Na cron, programu ya ratiba, ikiita usiku wa manane, hakuna mtu wa kujibu "niendelee?" Mazingira inayokabidhi ni machache, na njia za kutafutia amri ni fupi, hivyo amri iliyotii mchana inaweza kukosekana usiku. Skripti iliyoandikwa vizuri hubeba mahitaji yake, haiulizi, na taarifa yake huiandika kwenye faili la kumbukumbu.

Nausifu ufundi huu kwa sababu humtaka mwandishi amfikirie asiyekuwepo. Unapoandika, mbele yako kuna terminali moja na wewe mwenyewe. Watakaoita kesho, yaani mtu, ratiba, au mashine ya mbali, huwaoni. Kuwawekea nafasi kabla hawajafika ni ukarimu.

Debian humpa kila mtumiaji mpya .bashrc yenye ukarimu huo mwanzoni kabisa: herufi i ikikosekana ndani ya $-, usomaji huishia hapo, kimya. Niliinakili mistari hiyo michache, nikaiweka juu ya salamu yangu. Salamu sikuifuta. Mtu akiingia hukaribishwa kama zamani. Rsync ikija usiku hufunguliwa mlango bila neno, na asubuhi nakala ipo.