Daktari wa Wasiosema: Upweke katika Hadithi za James Herriot

Hadithi za James Herriot, daktari wa mifugo wa mashambani katika Yorkshire, Uingereza, husomwa na wengi kwa ajili ya kicheko. Hatukatai kwamba kicheko kimo, tena tele. Lakini sisi tunaona kwamba chini yake mna dhamira nzito zaidi, nayo ni upweke wa msomi anayetaka kukubaliwa na watu ambao elimu yake haiwababaishi.

Herriot ni jina la uandishi. Mwenyewe aliitwa James Alfred Wight. Alizaliwa mwaka 1916, akalelewa na kusomea kazi yake mjini Glasgow, na mwaka 1940 akaenda kufanya kazi katika mji mdogo wa Thirsk, ambao vitabuni aliugeuza kuwa Darrowby. Kitabu cha kwanza, If Only They Could Talk, kilitoka mwaka 1970, mwandishi akiwa amekwisha kupita umri wa miaka hamsini.

Jina hilo, lenye maana ya "laiti wangaliweza kusema", lina uzito kuliko lionekanavyo. Daktari wa binadamu akimponya mgonjwa, mgonjwa mwenyewe humsifu sokoni. Ng'ombe hasemi. Daktari wake hutegemea ushahidi wa mwenye ng'ombe, na huyo anahofia mali yake, tena anamtilia shaka kijana atokaye mjini. Mwanafunzi aliyewahi kumwona bwana mifugo mgeni akipokewa kijijini kwa macho makavu hatahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Tutazame sura ya kwanza. Ni usiku wa baridi kali. Herriot amelala kifudifudi juu ya sakafu ya mawe, kifua wazi, mkono umezama ndani ya ng'ombe, akihangaika na ndama ambaye kichwa chake kimegeukia nyuma. Mzee mmoja, ami wa mwenye ng'ombe, amesimama kando akimsifu daktari mwingine. Hatimaye ndama anatoka, yu hai. Mwenye ng'ombe anataja kinywaji; Herriot anashukuru, akidhani amekaribishwa. Kumbe kinywaji ni cha ng'ombe!

Msomaji hucheka, na ana haki. Hata hivyo mwalimu asiruhusu darasa liishie hapo. Zizini pana mama na mwanawe, pana mkulima na ami yake. Kila mmoja ana wake, isipokuwa yule aliyeokoa uhai. Upendo wake kwa wanyama haumpatii nafasi miongoni mwa watu. Nafasi hiyo huja polepole, kwa kazi inayorudiwa usiku baada ya usiku mbele ya majirani wasiosifu ovyo.

Kasoro ipo. Msimulizi anakumbuka akiwa amekwisha kukubaliwa, kwa hiyo machungu yamelainishwa mno, na mara nyingine wakulima wamefanywa vituko kwa sababu tu ya lahaja yao. Mwanawe, Jim Wight, katika wasifu uliotoka mwaka 1999, alieleza kwamba baba yake aliwahi kuugua sonona kali. Vitabu vya baba havilisemi jambo hilo waziwazi. Tunalisikia kwa mbali tu, katika kurasa kama zile za zizini, anapolala sakafuni huku wengine wakizungumza juu ya kichwa chake.