Nani Amsemee Aliyezama?
Jabali la Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa (zamani wilaya ya Mbinga), liliwakumbusha Wajerumani Sfinksi wa Misri; bandari wakaiita Sphinxhafen. Huko Misri, mwaka 130, Antinous, kijana kipenzi wa Kaisari Hadrian, alizama katika mto Nile. Kaisari akamlilia, akamjengea mji, akamfanya mungu. Katika riwaya ya Marguerite Yourcenar (1951) Hadrian anayasimulia mwenyewe, kwa barua. Huzuni yake ni ya kweli, sibishi. Lakini jamani, marehemu hapewi kauli! Tunaambiwa alijitoa kafara ili kaisari aishi. Anayetuambia ni yuleyule aliyefaidika. Ziwani kwetu mtu akizama, wa kwanza kuulizwa ni aliyekuwa naye. Hadrian naye aulizwe, hata kama bado analia.