Ukumbi wa Yoga Juu ya Mchanga: Fani na Maudhui ya Jengo

Katika Kirundi, umusenyi ni mchanga. Jina la Gasenyi, mahali palipo kaskazini ya Bujumbura ambapo tangu mwaka 2019 imesimama Ikulu ya Ntare Rushatsi iliyojengwa kwa msaada wa Uchina, limebeba neno hilo ndani yake. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jina la namna hii bila kusimama. Waliolitoa walikuwa wameikanyaga ardhi, wakaitaja kwa kile walichokiona chini ya nyayo zao. Wachoraji wa majengo wa siku hizi mara nyingi huanza na kilicho mbali: ziwa, machweo, na milima ya Kongo ng'ambo ya pili.

Yoga imekwisha kuingia katika miji yetu ya Afrika Mashariki, na pamoja nayo limeingia swali ambalo makala haya yanajaribu kulijadili: ukumbi wa mazoezi hayo ujengwe vipi, mahali kama Gasenyi, hata upatane na mandhari yake? Huenda msomaji akashangaa kulikuta swali hili katika kurasa za walimu wa Kiswahili. Lakini jengo nalo husomwa. Lina fani na lina maudhui, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama viwili hivyo vinasema jambo moja.

Fani iliyozoeleka tunaijua kwa picha: sakafu ya mbao inayong'aa, ukuta mzima wa kioo unaotazama maji, na paa la nyasi lililowekwa kwa ajili ya kupendeza macho. Jengo hilo huitwa rafiki wa maumbile. Tulipeleke basi Gasenyi. Ziwa Tanganyika liko upande wa magharibi. Kwa hiyo kioo nacho hakina budi kutazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua huingia ndani moja kwa moja. Kitafuatia pazia, na baada ya pazia mashine ya kupoza hewa, na madirisha yatafungwa. Mwisho wake watu watalala chali katika chumba kilichozibwa, wakisikiliza mngurumo wa mota, huku mandhari waliyoijia imefichwa nyuma ya kitambaa. Hapo fani imeyala maudhui.

Neno yoga lenyewe limetoka katika Kisanskriti, na shina lake ni kufunga pamoja, kama vile ng'ombe wawili wafungwavyo katika nira. Ni halali kuuliza ukumbi wa namna ile umefunga nini na nini.

Mandhari ya Gasenyi haiishii kwenye ziwa. Hapo vilima vya Mirwa vinashukia tambarare ya Imbo, na maji ya mvua hushuka navyo kwa kasi, yakichimba makorongo katika ardhi isiyoshikamana. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe juu ya mitaa ya kaskazini ya mji, Kamenge na Kinama ikiwa miongoni mwake. Watu zaidi ya 60 walikufa, na nyumba nyingi za matofali mabichi zikayeyuka. Atakayejenga mtelemkoni leo, akasawazisha kiwanja, akang'oa majani na kumwaga saruji, anaongeza maji yatakayofika kwa wakaao chini. Yeye hatayaona, kwa kuwa kioo chake kinatazama mbali.

Mfano ulio bora zaidi uko Burundi yenyewe, ingawa si ukumbi wa yoga. Ni maktaba ya Muyinga, kaskazini-mashariki ya nchi, iliyokamilika mwaka 2012 kwa usanifu wa BC architects wa Brussels, ikiwa sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Kabla ya kuchora, wasanifu hao walichunguza namna watu wa mkoa ule wanavyojenga na vifaa walivyo navyo. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine pasipo kuchomwa, na hilo si dogo katika nchi ambamo tanuri za matofali hula miti ya vilima. Paa ni la miti ya mikaratusi na vigae vya udongo. Hewa ya moto hupanda na kutoka. Upande mmoja upo ujia mrefu wenye kivuli, ambao Mswahili angeuita baraza bila kufundishwa, na ndani umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala wakisoma. Nguzo zimekaribiana, kwa sababu vigae ni vizito na mikaratusi haiwezi kuvuka nafasi pana. Kifaa ndicho kilichoamua umbo. Hapa fani na maudhui vimeshikana kweli.

Hata hivyo hatushauri mtu aihamishe maktaba hiyo hadi Gasenyi. Muyinga ni nyanda za juu zenye ubaridi. Bujumbura iko kandoni mwa ziwa, chini sana kuliko huko, na joto lake ni jingine. Tena mchanga mtupu haushikamani kuwa tofali bila udongo wa mfinyanzi au saruji kidogo. Kinachofaa kuigwa ni mwenendo wa kazi. Mikaratusi ikikataa kuvuka nafasi pana, ukumbi uwe mwembamba na mrefu, watu walale safu mbili, na urefu huo ufuate ubavu wa kilima ili mtelemko usikatwe sana. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hushuka kutoka milimani. Kwa hiyo kuta mbili ndefu ziachwe na matundu, na upande wa magharibi upate baraza pana la kuzuia jua. Anayetaka machweo atatoka akae barazani.

Mlango nao una mafunzo yake. Katika rugo, boma la Kirundi, mgeni huvuka ua baada ya ua kabla ya kufika nyumbani, na uzio wake aghalabu ni mimea iliyo hai. Utulivu ambao wengine huununua kwa taa hafifu na muziki, hapo hupatikana kwa kutembea tu. Sakafuni pangetosha virago. Warundi husema ikirago nasi twasema kirago. Ajabu ni kwamba sisi tumekiacha neno hilo katika msemo wa kufunga safari, na tunaagiza mikeka ya plastiki.

Yabaki maji. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 150, hukusanya lita 6,000. Tangi la kiasi hicho laweza kuzikwa chini ya baraza, na kinachozidi kikapitishwa polepole kwenye mitaro ya majani iliyochimbwa kukingama mtelemko, hadi ardhi iyanywe. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua inapokatika, ua wa mimea utamwagiliwa kwa maji hayo hayo.