"Uzembe!": neno linalofunga faili kabla ya uchunguzi

Ikitokea habari kwamba mgonjwa amedhurika hospitalini, iwe kwenye daladala ya Buzuruga au pale mwaloni Kirumba, subiri kidogo tu. Kabla msimuliaji hajamaliza, mtu ameshatoa hukumu: "Uzembe huo!" Magazeti yanalitumia neno hilo, viongozi wanalitumia, na sisi wanafunzi wa sayansi tunalitumia pia. Leo nataka tulikosoe. Wazembe wapo, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba tukishalitamka, tunaacha kuuliza.

Chukua kisa ambacho Watanzania wengi wanakikumbuka. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa. Aliyekuja kwa tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili baadaye alifariki. Nchi ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Waliohusika wakachukuliwa hatua.

Mwaka 2018 likatokea la namna hiyo hiyo Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mgonjwa alifunguliwa fuvu kutafuta damu iliyoganda, kumbe damu hiyo ilikuwa kwenye ubongo wa mgonjwa mwingine. Mkurugenzi akapelekwa likizo, daktari na wenzake wakasimamishwa kazi.

Nchi mbili, watu tofauti kabisa, kosa lile lile. Ukiona hivyo kwenye data yoyote, shaka yako inatakiwa kuhama kutoka kwa mtu na kwenda kwenye mazingira anayofanyia kazi.

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alilieleza jambo hili mwaka 2000 kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu. Sisi wa kando ya ziwa tuseme vyandarua. Panga vyandarua vitano vilivyochanika, kimoja nyuma ya kingine. Mbu atakupata pale tu matundu yote yanapokaa mstari mmoja. Hospitalini, chandarua cha kwanza ni bangili ya jina mkononi mwa mgonjwa, cha pili ni faili, cha tatu ni muuguzi anayemkabidhi chumba cha upasuaji, cha nne ni daktari anayeuliza jina kabla ya dawa ya usingizi. Ukimfukuza mtu wa mwisho, umemwondoa mtu mmoja. Matundu mengine yote yapo pale pale.

Na hapa ndipo neno letu linapoleta madhara. Fikiria muuguzi wa zamu ya usiku, wodi imejaa, ambaye amegundua sekunde ya mwisho kwamba sindano aliyoshika ni ya kitanda cha jirani. Hakuna aliyeumia. Akisema, wenzake wote wangejifunza kwamba dawa hizo mbili zina chupa zinazofanana. Lakini akisema, anaweza pia kupata barua ya kujieleza. Wewe ungesema?

Kwa hiyo hebu tujibu swali la darasani. Hospitali moja imeandika makosa 200 kwa mwaka, nyingine imeandika sifuri. Utampeleka mama yako wapi? Mimi nitaiogopa ile ya sifuri. Penye wagonjwa maelfu na watumishi waliochoka, sifuri maana yake ni kwamba watu wamenyamaza.

Wengine watasema dawa ni fomu. Ni kweli kwa kiasi. Orodha ya ukaguzi ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara hapa kwetu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walipoangalia hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha kama hiyo, hawakuona tofauti ya maana katika vifo. Karatasi inaweza kuwekewa tiki zote bila mtu hata mmoja kuongea. Kinachotakiwa ni muuguzi mdogo kuweza kumwambia daktari bingwa "subiri kwanza, Daktari", na asijute kesho yake.

Je, inawezekana kwetu? Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, imeshatupa mfano. Watafiti wake walifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa kati ya Julai 2009 na Machi 2010, wakachapisha walichokuta: 65 walipata maambukizi kwenye kidonda, yaani asilimia 26. Namba hiyo inauma. Ila kwa sababu walihesabu, walionyesha pia kilichoambatana nayo: upasuaji wa saa tatu na zaidi, mirija ya kutolea majimaji, kusafisha ngozi kwa ayodini peke yake. Hayo ni mambo unayoweza kuyafanyia kazi Jumatatu asubuhi. "Uzembe" usingekuonyesha hata moja.

Nakubali pingamizi moja, tena zito. Familia iliyofiwa haitaki mhadhara wa vyandarua. Inadai ukweli, inadai kuombwa radhi, inadai fidia, na yote ni haki yake. Na aliyeingia zamu amelewa, au aliyedai rushwa mgonjwa akizidiwa, aadhibiwe. Lakini angalia: familia hutamka "uzembe" mara nyingi kwa sababu hakuna mtu aliyekaa nao chini kuwaeleza kilichotokea. Hospitali inayoficha makosa kwa watumishi wake itayaficha kwa ndugu wa mgonjwa pia.

Wewe unayesoma udaktari au uuguzi utaingia wodini karibuni. Siku ya kwanza, muulize msimamizi wako: nikikosea hapa, namwambia nani, na baada ya hapo nini kinatokea? Akikosa jibu, umeshaliona tundu la kwanza.