Hesabu ya Ukurasa Mmoja: Uhakiki wa Your Money or Your Life na Wasomaji Wake

Kitabu cha Your Money or Your Life, kilichoandikwa na Joe Dominguez na Vicki Robin, kilitolewa Marekani mwaka 1992. Kwa upande wa fani ni kitabu cha mashauri ya fedha kama vingine: kina hatua tisa, mifano ya watu waliozifuata, na majedwali ya kujaza. Kinachokifanya kistahili kuhakikiwa ni wasomaji wake. Vitabu vya aina hii husomwa, huazimwa, kisha husahauliwa. Hiki kimechangia kuzaa watu wanaojitambua kuwa kundi, wenye msamiati wao, wazee wao na ugomvi wao. Leo wanajiita kwa herufi nne, FIRE, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kujitegemea kifedha na kustaafu mapema. Makala hii inauliza kwa nini watu hao wanaingia katika kundi, na hasa kwa nini hawatoki.

Swali la kutotoka ndilo gumu, kwa sababu elimu yenyewe inaenea katika ukurasa mmoja. Mwaka 1994 mshauri wa fedha William Bengen alichunguza historia ya hisa na hati fungani za Marekani. Aliona kwamba mstaafu anayetoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, asingeishiwa kwa angalau miaka 30. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, Texas, walifikia matokeo yanayokaribiana na hayo. Ukiigeuza asilimia 4 unapata kanuni inayokaririwa na kila mwanakundi: weka akiba ya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Anayetumia dola 40,000 anahitaji dola 1,000,000. Anayeweka asilimia 10 ya kipato chake, fedha zikikua kwa asilimia 5 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, atafika baada ya miaka 51 hivi. Anayeweka nusu atafika baada ya miaka 17, na anayeweka robo tatu baada ya miaka 7. Jedwali hili lilienezwa mwaka 2012 na Peter Adeney, mhandisi mzaliwa wa Kanada anayeishi Longmont, Colorado, ambaye aliacha ajira mwaka 2005 akiwa na miaka 30 hivi. Wasomaji wake wanamjua kwa jina la Mr. Money Mustache.

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuielewa hesabu hiyo kwa alasiri moja. Basi mtu anafanya nini humo miaka kumi na saba?

Tuanze na kuingia. Dominguez alifanya kazi Wall Street, akaiacha akiwa na miaka 31, akafundisha semina, na mafunzo yake yakauzwa katika kanda za kaseti kabla kitabu hakijaandikwa. Kwa hiyo kitabu kina sauti ya mtu anayesema na ukumbi. Hoja yake kuu si fedha bali saa. Anadai kwamba fedha ni kitu tunachokinunua kwa nguvu ya uhai wetu, na anamtaka msomaji akokotoe mshahara wake halisi kwa saa. Nitoe mfano wangu. Mfanyakazi analipwa dola 25 kwa saa, saa 40 kwa wiki, jumla dola 1,000. Ongeza saa 10 za barabarani na saa 10 za kupumzika kwa sababu ya uchovu wa kazi hiyo hiyo. Ondoa dola 300 za mafuta ya gari, nguo za ofisini na chakula cha kununua. Zinabaki dola 700 kwa saa 60, yaani chini kidogo ya dola 12 kwa saa. Koti la dola 120 limekuwa zaidi ya saa kumi za uhai.

Hapa ndipo penye uhodari wa kitabu, na ndipo watu wanaponaswa. Hesabu hii haimwambii msomaji ajinyime, inamwonyesha tu kwamba amekuwa akilipa bei asiyoijua. Anayeikokotoa mara moja hawezi kuitazama bidhaa kwa macho yale ya jana. Mapokeo ya namna hiyo yana sehemu yake ya uongofu, na wanakundi husimulia siku waliyoipiga hesabu hiyo kama watu wengine wanavyosimulia siku waliyookoka.

Lakini uongofu unahitaji ardhi yake. Mfanyakazi wa Marekani anaweza, katika majimbo karibu yote, kuachishwa kazi bila mwajiri kutoa sababu. Wamarekani wengi wa umri wa kufanya kazi wanapata bima ya afya kupitia mwajiri, hivyo anayepoteza kazi anaweza kupoteza na daktari. Pensheni iliyotolewa na kampuni imekuwa ikififia tangu sheria ya mwaka 1978 ilipofungua njia ya akaunti binafsi za uzeeni, ambamo mfanyakazi mwenyewe anachagua awekeze wapi na anabeba hasara mwenyewe. Pensheni kamili ya serikali, kwa waliozaliwa mwaka 1960 au baadaye, inaanza miaka 67. Mtu wa namna hii tayari amefanywa msimamizi wa uzee wake bila kufundishwa kazi hiyo. Akisikia kuna watu wanaoijadili kwa uwazi, kwa nini asiende? Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaita wanakundi wavivu wanaokimbia kazi. Wengi wao wana bidii ya kutisha. Wanachokimbia ni kumtegemea bosi.

Kukaa ni jambo jingine. Ukishaamua kuweka nusu ya kipato katika mfuko unaonunua hisa za kampuni zote za soko kwa pamoja, kazi imekwisha. Fedha zinakatwa zenyewe kila mwezi, na wataalamu wenyewe wanakuonya usiziguse. Mwaka wa kwanza una msisimko wa kubana matumizi, na mwaka wa mwisho una msisimko wa kukaribia. Katikati kuna miaka kumi na zaidi isiyo na tukio. Mkulima anayesubiri mahindi walau ana palizi. Hawa hawana palizi, wana mazungumzo tu. Naona kundi limejaza nafasi hiyo, kwa maana linamgawia mwanachama tarehe za kusherehekea: laki ya kwanza, nusu ya safari, siku faida ya uwekezaji ilipoupita mshahara wa mwezi. Kitabu kiliyaona haya mapema kilipomwagiza msomaji achore chati na kuibandika ukutani, yenye mstari wa mapato, mstari wa matumizi, na mstari wa faida unaopanda polepole hadi ukutane na ule wa matumizi. Chati ni ya mtu mmoja, lakini mtu anayechora chati anatamani mtu wa kumwonyesha.

Na huko Marekani hana wa kumwonyesha. Kutaja mshahara wako mbele ya ndugu au mfanyakazi mwenzako ni karibu utovu wa adabu. Ndani ya kundi, mtu aliyejificha nyuma ya jina la kupanga hutaja kila senti: deni la nyumba, mshahara wa mke, bei ya mboga. Amewaficha jina akawapa hesabu, ilhali jirani anajua jina na hesabu haijui. Sijui kama kuna upweke wa kisasa ulioelezwa vizuri kuliko huo.

Kwa sisi tunaosoma isimujamii, msamiati wao ni rejista kamili. Anayetaka kustaafu kwa matumizi madogo ana jina lake, linalotokana na neno la wembamba, na anayetaka kustaafu kwa anasa anaitwa kwa neno la unene. Aliyeacha ajira kubwa akabaki na kibarua cha mkahawani ili apate bima ana jina lake pia. Aliyekwisha kufikia lengo lakini anaogopa kuacha kazi husemwa ana maradhi ya mwaka mmoja zaidi. Hofu yake ina msingi, maana Bengen alipima miaka 30, na anayestaafu akiwa na miaka 40 huenda akahitaji 50. Tazama lakini lugha inavyofanya kazi: kila aina ya mashaka imepewa chumba ndani ya nyumba, na mwenye shaka hana haja ya kutoka nje.

Ugomvi wao mkubwa ni wa semantiki. Adeney aliacha ajira, kisha akaendelea na useremala, na maandishi yake yakamletea fedha. Wapinzani wakauliza: huyu amestaafu nini? Yeye aliwabandika jina la polisi wa kustaafu. Kiswahili kina la kusema hapa. Kustaafu ni neno tulilolitohoa kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba ruhusa ya kuondoka katika kazi. Ndani ya neno letu, basi, yumo mwenye kuombwa. Kundi hili linataka hali isiyo na mwenye kuombwa, na Kiingereza chao hakikuwa na neno tayari, ndiyo maana wamelinyoosha lililokuwepo mpaka likalalamika. Binafsi ningewaazima kukinai: kuridhika na ulicho nacho, kuwa umetosheka, na pia ile hali ya mlaji aliyeshiba hadi chakula kikamchosha. Sura ya kutosha ndiyo bora kuliko zote katika kitabu, na ndiyo ninayoona ikififia zaidi vinywani mwa wafuasi, ambao wakikutana huulizana asilimia.

Mwenzangu mmoja darasani alisema hawa ni kama vikundi vyetu vya kuweka na kukopa hapa Uganda. Kufanana kupo. Kikundi chetu kina mikutano, vijitabu, faini ya kuchelewa, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu. Watu hubaki kwa sababu wanaonekana wakiweka. Tofauti ni kwamba ndani ya sanduku fedha zimechanganyika, na kuna mfuko wa msiba na ugonjwa unaochangiwa na wote. Wamarekani hawa wamechanganya ushauri na wakatenganisha fedha. Ukiugua utapewa maneno mazuri.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kitabu kwa jambo linalonihusu. Shangazi yangu anatunza wazee karibu na Boston. Kila mwezi anatuma Kampala dola 300, na humo imo ada yangu ya chuo. Kwa mwaka ni dola 3,600, na mara 25 ni dola 90,000. Hiyo ndiyo bei yetu katika kanuni: ili astaafu mapema bila kutukatia, aweke kwanza dola 90,000 kwa ajili yetu sisi peke yetu. Hata angeweka dola 500 za ziada kila mwezi, bila kuhesabu faida, ni miaka 15.

Dominguez na Robin si watu wa choyo. Wanamtaka msomaji aulize kuhusu kila tumizi: je, nimepata ridhaa inayolingana na saa nilizolipa? Je, linaendana na ninayoyathamini? Je, lingebadilikaje kama nisingelazimika kufanya kazi? Kisha aweke alama ya kujumlisha, ya kutoa, au sifuri. Nilimsomea shangazi maswali hayo kwa simu. Kwenye ada yangu aliweka ya kujumlisha bila kufikiri, akasema angetuma zaidi kama angeweza. Lakini kila alama kama hiyo inapandisha mstari wa matumizi ukutani na kusogeza mbali mahali ambapo mistari inakutana. Waandishi wanaamini kwamba mtu akijibu maswali kwa uaminifu, matumizi yatashuka yenyewe. Imani hiyo ina mantiki kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya fedha zake inaishia kwenye makoti. Shangazi ana koti moja, la theluji, na bado anafanya zamu za usiku.