Karatasi ya Kubeba Uso wa Babu

Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alizunguka nchi ya Waluo akiwa na kamera. Picha zake ziko Oxford, katika Makumbusho ya Pitt Rivers. Mwaka 2007 nakala za picha za kale kutoka huko, zikiwemo zake, zilirudi Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyawaza ya zamani. Picha za namna hii zikirudi nyumbani, wasomi hujadili nani alipiga, nani alipigwa, na sasa ni za nani. Swali la fundi hawaligusi: tuziprinti kwenye karatasi gani? Mimi naona hilo ni swali la uhakiki kabisa, kwa sababu karatasi ndiyo huamua kama mjukuu ataona uso au ataona doa jeusi.

Hapa Kisumu picha kubwa ina njia mbili. Moja ni vinili ya mabango, ile ile ya kampeni na ya matanga. Hiyo niiache, kazi yake inajulikana. Ya pili huja pesa za wafadhili zikiingia: mtu anaagiza karatasi ya pamba isiyong'aa, mara nyingi Photo Rag ya Hahnemühle, gramu 308 kwa mita ya mraba, kwa kuwa ndiyo aliyoisikia ikitajwa kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya. Ni karatasi nzuri, sina ugomvi nayo. Ukitaka mawingu juu ya ziwa alfajiri, au mafunjo ya Dunga yaliyofunikwa na ukungu, hutapata rafiki bora.

Lakini si kwa nyuso hizi. Karatasi isiyong'aa hutawanya mwanga, na weusi wake ukikaza sana huishia kijivu kizito. Sasa chukua mzee mweusi aliyepigwa picha jua la utosini, kivuli kimemwangukia machoni. Kila kitu cha maana kwake kiko gizani: jicho, mkunjo wa shavu, chale. Ngazi hizo za weusi zikibanwa pamoja, mzee anabaki kofia na meno. Halafu tunamlaumu mpiga picha wa kikoloni, kumbe safari hii tumemfuta sisi wenyewe.

Kwa nyuso nachagua karatasi ya barita. Chini ya tabaka linalopokea wino ina tabaka la salfeti ya bari, kama karatasi za zamani za chumba cha giza, na weusi wake una kina. Printa nyingi za wino wa pigmenti hata hubadilisha wino mweusi: mmoja wa karatasi zinazong'aa, mwingine wa zisizong'aa. Ichague laini, isiyo na mikwaruzo. Negativu ya zamani ikikuzwa hadi mita moja huonyesha chembechembe zake, na karatasi yenye mparuzo huongeza zake juu, basi uso unakuwa changarawe.

Utaniambia barita inang'aa, na ukumbi wetu una milango wazi na jua la ikweta. Kweli. Basi usiitundike ikitazamana na mlango. Itundike ukuta wa pembeni, kichwa cha fremu kiiname mbele kidogo. Hiyo haigharimu shilingi. Tena ukiweka kioo mbele ya karatasi isiyong'aa, mng'ao uliokimbia umerudi, na umeulipia. Na kioo kisiguse picha, jameni. Kwa unyevu wa ziwa, vitagandana.

Weupe wa karatasi nao una hila. Ule mkali kama shati la sare ya shule mara nyingi hutokana na kemikali za kung'arisha, ambazo mwanga huzichosha; karatasi inageuka manjano kidogo kidogo. Chukua isiyo nazo, hata kama dukani inaonekana imefifia.

Kuna wanaosema tutumie karatasi ya gugumaji, ni yetu. Naipenda kwa kadi. Ila haina tabaka la kushika wino, kwa hiyo wino hunywewa na kutambaa, na pua ya mtu inakuwa ramani. Uzalendo hauwezi kumrudishia mtu pua.

Kinachonisumbua zaidi ni vidole. Mama mzee akimtambua babake ukutani hamwangalii tu, anamgusa. Karatasi ya pamba haisamehi mguso, na barita pia hushika alama. Ukiweka kamba, umemwambia mwenye mji asimame mbali na baba yake. Mimi ningeprinti mara mbili: barita ukutani, na chini yake, mezani, nakala ndogo kwenye karatasi ya kawaida ya studio, ile yenye utando wa plastiki, ishikwe, ipitishwe, ibishaniwe, iwekwe hata kwenye mkoba. Visubi vya ziwani vikitua juu yake jioni, unavifuta tu. Ikichakaa, chapisha nyingine.