Wajumbe Sita Hawakukosa Moyo: Tumesoma Kusadikika Hapa Gitega

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilisimama mbele ya vijana kama ishirini katika chumba tunachoazimwa hapa Gitega, nikawaambia kinachowazuia ni woga tu. Ukitaka, unaweza. Maneno hayo nilikuwa nimeyaokota kwenye video za simu, zile watu wanarushiana kila asubuhi: amka saa kumi na moja, achana na marafiki wanaokurudisha nyuma, usikubali kutumikia ndoto ya mwingine, amini. Walipiga makofi sana. Nilitoka pale najisikia mtu mkubwa.

Kijana mmoja alinisikia kuliko wengine. Ana miaka 20, alikuwa anakanda unga kwenye kibanda cha chapati. Wiki iliyofuata aliacha kazi, akachukua faranga 35,000 alizopata kwenye zamu yake ya likelemba, akashuka Nyabugogo kununua soksi na mikanda, akaanza kutembeza. Kutembeza bidhaa barabarani hapa mjini hakuruhusiwi. Mimi nilijua, kila mtu anajua, ila siku ya makofi sikutaja. Hazikufika siku kumi, mali yote ikachukuliwa. Alipokuja kuniona hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia, "Yaya, mi niko muvivu tu. Benzangu banaweza, mi hapana."

Mvivu! Mtu aliyekuwa anaamka saa kumi na moja kabla sijamwambia.

Wakati huo mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa mwalimu Uvira, aliniazima kitabu kisicho na jalada: Kusadikika cha Shaaban Robert. Nakubali kwamba nilivutwa na jina. Kusadikika, yaani kuaminika. Nikadhani nimepata kitabu kingine cha kutia watu moyo, tena cha Kiswahili safi. Kumbe ni kitabu kinachouliza swali ambalo video zetu haziulizi: mtu mwenye moyo akishatoka akaenda, akarudi, anapokewaje?

Kwa wasiokijua, kisa kiko hivi. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno, kosa lake ni kufundisha watu sheria. Anasimama mbele ya mfalme ajitetee. Badala ya kujisifu au kulia, anasimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa na nchi hiyo pande sita: Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alikwenda, akapata taabu, akarudi na mambo ya kuifaa nchi. Na kila mmoja malipo yake yalikuwa kifungo.

Tulikisoma kwa sauti kwenye kikundi, kila Jumamosi kurasa chache. Tulipofika kwa mjumbe wa tatu vijana walianza kucheka, wameshajua kitakachotokea: huyu naye atafungwa tu! Baadaye kicheko kikaisha. Naona hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu. Mwandishi anarudia jambo moja mara sita mpaka huwezi tena kusema tatizo ni la mjumbe. Wa kwanza akishindwa utasema hakujipanga. Wa pili utasema alikosa bahati. Ukifika kwa wa sita inabidi uitazame nchi. Hata yule anayeitwa Amini, ambaye jina lake ndilo neno wahamasishaji wanalolirudia kutwa nzima, naye alitiwa ndani.

Tukumbuke pia aliyeandika alikuwa nani. Shaaban Robert alizaliwa 1909 huko Tanga. Tangu 1926 alikuwa karani wa forodha, mtumishi mdogo ndani ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kitabu kilitoka 1951, miaka 10 kabla ya uhuru. Mtu kama huyo hakuweza kusimama sokoni akasema ubaya wa watawala. Aliipeleka nchi yake angani, akasemea huko. Sisi tunaoishi kwa kitambulisho cha mkimbizi tunaielewa haraka hiyo njia ya kusema jambo huku umelifunika kidogo.

Lakini sitaki kukisifu kitabu mpaka nikose ukweli. Kina mambo matatu ambayo kikundi chetu hakikuyakubali.

La kwanza ni lugha. Kiswahili chake ni kizito kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili cha Bukavu na Uvira, kilichochanganyika na Kifaransa na sasa Kinyarwanda. Kuna sentensi tulizirudia mara tatu. Hilo ni dogo, tulimwita mzee akatusaidia.

La pili lilisemwa na dada mmoja aliyeacha shule akiwa kidato cha tatu, sasa anasuka nywele na analea wadogo zake wawili. Aliuliza, "Na basichana, bao balitumwa wapi?" Tulipekua majina yote sita. Hakuna. Alisema yeye ametumwa pande zote sita tangu mama yake afariki, na hakuna aliyemwita mjumbe. Sikuwa na jibu na sijalipata mpaka leo.

La tatu ndilo kubwa. Mwisho wa kitabu mfalme anasikia, Karama anaachiwa na wafungwa wanafunguliwa. Neno zuri limemgeuza mkubwa. Vijana walipiga makofi kama yale ya mwaka jana, nikaogopa. Wengi wetu hatuna mfalme anayekaa kusikiliza hadithi sita. Tuna dirisha la ofisi, foleni, na karatasi inayotakiwa uirudishe kesho. Ukisoma mwisho ule vibaya utadhani ukiongea vizuri mlango utafunguka, na hiyo ni video nyingine tu, ila imevaa kanzu.

Mimi nachukua katikati ya kitabu kuliko mwisho wake. Katikati Karama anafanya kitu ambacho mimi sikukifanya siku ile. Anasema wazi nani alikwenda, alikwenda wapi, alikutana na nini njiani, na nani alimfunga aliporudi. Hakumwambia mtu yeyote aamini tu. Kama ningefanya hivyo, ningemwambia yule kijana: wapo waliotembeza mikanda, wameishia hapa na hapa, kamuulize fulani kabla hujatoa faranga zako. Huenda bado angejaribu, hiyo ni haki yake. Lakini angeshindwa akijua kilichomshinda, asingejiita mvivu.

Sasa kikundini tumebadilisha utaratibu. Mtu akileta lengo, kurudi shule, kufungua saluni, kujifunza cherehani, swali la kwanza ni: nani alishakwenda huko? Tunamtafuta, anakuja anatusimulia, na tunamwomba aanze na alipokwama. Mama mmoja mshonaji alikuja akatueleza mara mbili alizofunga kazi kabla ya ile ya tatu. Hakukuwa na makofi mengi. Watu waliuliza bei ya cherehani, kodi ya chumba, mtu wa kumdhamini. Wawili waliandika.

Yule kijana alirudi kukanda unga. Amepatana na mwenye kibanda amwachie meza jioni kwa faranga 1,000, anauza mayai ya kuchemsha na chai. Siku nyingine anabakiwa na kitu, siku nyingine hapati hata hiyo elfu. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, juu ni mbele yao nilikosea. Alicheka akasema, "Basi leta ile kitabu tumalizie."

Tumekimaliza mwezi uliopita, na tunakianza upya kwa waliokuja katikati. Ni Jumamosi saa tisa mchana, chumba kile kile. Nakala ni moja, kwa hiyo anayesoma vizuri akae karibu na dirisha. Na kama wewe ni msichana unayejua habari ya mjumbe wa saba, njoo nayo.